Diski ya mtumba haionekani? Usiseme imekufa

Jamaa yangu kanunua hard disk ya mtumba ya GB 500, kaifunga kwenye desktopu yake, kuwasha na kufungua This PC hamna kitu, basi asubuhi yuko dukani anafoka kauziwa mbovu. Kumbe nzima kabisa, ilikuwa tupu tu.

Hii ndo dhana inayosumbua wengi, kwamba isipoonekana pale imekufa. Ukweli ni kwamba pale zinakaa zenye herufi, C, D, E, na diski iliyofutwa patisheni zote (vile vipande inavyogawanywa) haina herufi. Bonyeza kitufe cha Windows na X, ingia Disk Management, utaikuta chini huko ina mstari mweusi imeandikwa Unallocated. Ikiuliza MBR au GPT (aina mbili za orodha ya kupangia patisheni) chagua, halafu raiti kliki kwenye huo weusi, New Simple Volume, nexti nexti, chagua NTFS (mpangilio wa mafaili wa Windows), imeisha. Ila angalia ukubwa wake kwanza, ukigusa yenye mafaili yako utalia. Kama hata BIOS (ile menyu ya mashine kabla Windows haijawaka) haiioni hapo ndo ushuku waya, diski za SATA, hizi za kawaida za desktopu, zina waya mbili, wa data na wa umeme, na watu wanasahau mmoja.

Eti MBR ndo salama? Inaishia TB 2 na patisheni kuu 4. Kwa kuwekea muvi GB 500 yoyote poa, ila ukitaka kupiga Windows humo, mashine inayowaka kwa UEFI (mrithi wa BIOS) inataka GPT.

Na "nimeibiwa GB 35" mbona inasoma 465? Hujaibiwa mkuu, kiwanda kinahesabu GB moja baiti bilioni 1, Windows inahesabu 1,073,741,824.

Inayoniuma zaidi ni hii ya "nimeshaifomati, iko fresh". Kwiki fomati haikagui kitu wala haifuti data za mwenye nayo wa zamani, inafuta orodha tu, na hakuna fomati inayotibu diski inayokufa. Weka CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, soma masaa iliyowaka (mwaka mzima bila kuzima ni 8,760), halafu tazama Reallocated (sehemu mbovu zilizohamishiwa kwenye akiba) na Pending (sehemu zinazoshukiwa kuwa mbovu). Masaa mengi peke yake hayanitishi, ila Pending zinazoongezeka kila siku, au ukiskia inagonga tik, tik, tik, hiyo sasa ndo ya kurudisha dukani, tena kabla hawajafunga.