Kibali cha bodi ya ardhi pekee hakitoshi kugawa shamba

Huku Kenya wengi bado wanaamini ukishapata kibali cha bodi ya ardhi, ile inayoongozwa na naibu kamishna wa kaunti, basi shamba limeshagawanyika. Hapana jamani. Bodi inahusika na ardhi ya kilimo, lakini ruhusa ya kugawa yenyewe, kwa sheria ya mipango ya 2019, inatolewa na serikali ya kaunti, na pale wanaangalia mchoro, kwa mfano kama kila ploti imeachiwa barabara ya kuingilia. Kisha saveya anapeleka mutesheni, yaani fomu yenye mchoro wa vipande vipya, namba mpya zinatoka, na hati inatolewa na msajili wa ardhi ambaye bado ni wa serikali kuu. Inauma sana mtu kununua kipande ambacho kaunti haijawahi kukipitisha, kwa hivyo kabla hujalipa omba uonyeshwe hiyo ruhusa.