Barabara ya mgodini ijengwe kwa fedha za nani?

Madini yanaweza kuwa mengi na ya daraja la juu, yakakaa ardhini miaka mingi kwa kukosa njia ya kufika bandarini. Kampuni ya Rio Tinto ilipata leseni ya utafiti katika milima ya Simandou, kusini mashariki mwa Guinea, mwaka 1997. Shehena ya kwanza ya madini ya chuma ilisafirishwa mwishoni mwa 2025. Migogoro ya leseni ilichangia ucheleweshaji huo, lakini fundo kubwa lilikuwa reli ya zaidi ya kilomita 600 hadi pwani ya Atlantiki, pamoja na bandari mpya.

Benki haiukopeshi mgodi usio na reli, wala haiikopeshi reli isiyo na mzigo. Hapo ndipo serikali huombwa iingize fedha za umma, na hapo ndipo mwananchi anapopaswa kuuliza maswali, kabla mkopo haujasainiwa.

Mfano ninaoupenda, pamoja na dosari zake, ni wa Red Dog, mgodi wa zinki na risasi kaskazini magharibi mwa Alaska uliofunguliwa mwaka 1989. Shirika la uwekezaji la jimbo, AIDEA, liligharimia barabara ya kilomita 84 hivi na bandari, na bado ndilo mmiliki. Mgodi hulipa tozo kwa kuvitumia. Bahari huko huganda sehemu kubwa ya mwaka, meli hupakia kwa takriban siku 100 tu, hivyo makinikia, yaani mchanga wa madini uliokwisha kuchenjuliwa kiasi, hulazwa kwenye maghala makubwa majira yote ya baridi.

Ukisikia utaratibu wa namna hii unapendekezwa, anza na tozo ya chini. Je, mgodi utalipa kiasi fulani hata usiposafirisha tani moja? Kama tozo inahesabiwa kwa tani peke yake, bei ya madini ikianguka deni linabaki kwa walipa kodi. Mimi nisingeshauri serikali yoyote isaini mkataba usio na kipengele hicho.

Swali la pili ni nani mwingine ataruhusiwa kupita. Mwezi Machi 2022 serikali ya Guinea ilisimamisha kazi Simandou, ikitaka reli na bandari viwe vya pamoja. Ikaundwa kampuni moja ya miundombinu ambamo serikali ya Guinea ina asilimia 15, na pande mbili za wawekezaji zikagawana zilizobaki. Bila shinikizo lile, kila mwekezaji angejifikiria mwenyewe.

Kuna gharama ambazo bajeti ya kwanza huzisahau. Kando ya barabara ya Red Dog, vumbi lenye risasi na zinki lilikutwa kwenye mimea, hata ndani ya hifadhi ya taifa inayopitiwa na barabara hiyo, na malori ya maturubai yakabidi yabadilishwe kwa yenye vifuniko vigumu. Aidha, akiba inayochimbwa sasa inatarajiwa kwisha mapema miaka ya 2030, na barabara yenyewe haijaungana na mtandao wa barabara za jimbo. Mkataba unapaswa kueleza tangu mwanzo nani ataitunza au kuiondoa njia mgodi ukifungwa, na fedha za kazi hiyo zitengwe kila mwaka wakati uzalishaji ungali unaendelea.