Kusafishwa meno kwa daktari hakuyalegezi

Nimelisikia mara nyingi, hata kwa wazee ninaowaheshimu: "Usiende kukwanguliwa meno, yatalegea." Hofu hiyo naielewa. Mtu anatoka kliniki, anapitisha ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini, anakuta mianya ambayo jana hakuisikia, na jino moja linacheza.

Ila mianya ilikuwepo, imezibwa na ukoga uliokauka ukawa mgumu kama jiwe. Hapo hujikusanya upesi kwa sababu tezi za mate ziko karibu, na madini ya mate ndiyo yanayougandisha. Bakteria huvimbisha fizi, kisha mfupa unaoshika jino huliwa polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote. Jino lilikuwa limeshalegea. Ukoga ulilishikiza tu kwa majirani zake.

Daktari hupima kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita. Kwenye fizi yenye afya kinazama milimita 1 hadi 3; ikifika 4 au zaidi na damu ikatoka, ugonjwa upo. Mashine ya kusafishia hutetemeka maelfu ya mara kwa sekunde huku ikirusha maji, ikaubandua ukoga. Ukoga ukiwa chini ya fizi, mara nyingi mgonjwa huchomwa kwanza sindano ya ganzi. Baadaye maji baridi yanaweza kukusumbua siku kadhaa.

Fizi zikinywea na kukaza, jino lililocheza kidogo mara nyingi hutulia. Mfupa ulioliwa, kwa kawaida, haurudi wenyewe, kwa hiyo damu kwenye mswaki ni sababu tosha ya kwenda.