Dang'a ya farasi kwenye friza: maswali na majibu kwa wenye majike wanaokaribia kuzaa

Dang'a ni yale maziwa mazito ya njano ambayo mnyama huyatoa mara tu baada ya kuzaa. Benki ya dang'a ni akiba yake iliyogandishwa: imekamuliwa kwa jike mmoja ili siku ikihitajika imwokoe mtoto wa mwingine. Maswali yafuatayo ni yale ambayo wenye farasi na masaisi huuliza zaidi msimu wa kuzaa ukikaribia.

Mtoto wa binadamu huzaliwa na kinga kutoka kwa mama yake. Mbona wa farasi asizaliwe nayo?

Tofauti iko kwenye kondo la nyuma. Kwa binadamu, kingamwili za mama hupita kwenye kondo na kuingia katika damu ya mtoto kabla hajazaliwa. Kwa farasi, kati ya damu ya mama na damu ya mtoto kuna tabaka nyingi za seli, na kingamwili ni kubwa mno kuzipenya. Mtoto hukaa tumboni miezi 11 hivi, anazaliwa macho wazi, anasimama upesi, na anayemwona hudhani amekamilika. Kumbe damu yake karibu haina kingamwili kabisa, na ametua kwenye matandiko yenye kila aina ya bakteria.

Mama ndiye anayeziba pengo hilo. Katika wiki 2 hadi 4 za mwisho wa mimba, kiwele chake huvuta kingamwili kutoka kwenye damu na kuzirundika katika dang'a. Kazi hiyo hufanyika mara moja tu kwa kila mimba. Dang'a ikivuja au ikikamuliwa ikamwagwa, yanayofuata ni maziwa ya kawaida: yanashibisha lakini hayakingi.

Mtoto ana muda gani wa kuipata?

Mfupi kuliko watu wengi wanavyodhani. Utumbo wa mtoto mchanga una seli maalumu zinazomeza kingamwili nzimanzima na kuzipitisha hadi kwenye damu. Seli hizo hufanya kazi vizuri zaidi katika saa 6 hadi 8 za kwanza, kisha nguvu yake hushuka haraka. Zikifika saa 24 mlango umefungwa, na hata umpe ndoo nzima ya dang'a, kingamwili zitasagwa tumboni kama protini nyingine yoyote.

Ndiyo maana kanuni ya saa moja, mbili, tatu ikafundishwa kila banda: mtoto asimame ndani ya saa 1, anyonye ndani ya saa 2, na kondo la nyuma litoke ndani ya saa 3. Ikifika saa mbili hajanyonya, mpigie daktari wa mifugo simu hapo hapo, hata kama ni usiku wa manane. Kungoja kupambazuke kunakula zile saa ambazo hazitarudi.

Ni watoto gani wanaohitaji dang'a ya akiba?

Yatima ndiye anayekuja akilini kwanza: jike hufa kwa kutokwa damu wakati wa kuzaa, au kwa kujipinda utumbo. Lakini kwa kawaida mama yupo hai na amesimama pale pale. Kuna jike aliyevujisha dang'a siku kadhaa kabla ya kuzaa, pengine kwa sababu kondo lina maambukizi au alibeba pacha. Kuna jike wa mimba ya kwanza anayempiga mtoto mateke kwa woga. Kuna mzee ambaye dang'a yake ni nyepesi. Kuna mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, dhaifu, asiyeweza hata kukaza midomo kwenye chuchu.

Nchini Marekani liko tatizo jingine lililowafundisha wengi thamani ya akiba. Nyasi ndefu za aina ya fesku huishi na kuvu ndani yake, na jike anayezila mwishoni mwa mimba anaweza kuzaa kiwele kikiwa kikavu kabisa. Mwenye shamba hulijua tatizo siku ya kuzaa, na siku hiyo akiba ndiyo inayoamua.

Hospitali kubwa za farasi huko Kentucky na Uingereza huweka dang'a kwenye friza zao. Huku Afrika Mashariki, ambako farasi wa mbio na wa polo huzalishwa zaidi Kenya, umbali kati ya shamba na hospitali hauruhusu kutegemea friza ya mtu mwingine. Mimi nashauri kila shamba lenye majike wa kuzalisha liwe na akiba yake, hata chupa mbili tu.

Nikikamua, si nitakuwa namwibia mtoto wa jike huyo?

Swali zuri, na jibu lake ndilo linaloongoza kila kitu. Mtoto wake kwanza. Mwache anyonye vizuri, ashibe, ndipo ukamue. Jike ana chuchu mbili; mtoto akiwa upande mmoja, wewe unakamua upande mwingine, tena ndani ya saa chache za mwanzo. Chukua mililita 250 hivi, usikamue mpaka chuchu ikauke. Jike mwenye afya na dang'a nzuri anaweza kuitoa bila mtoto wake kupungukiwa.

Ila chagua jike. Anayefaa ni yule aliyekwisha kuzaa mara kadhaa na kulea vizuri, hana ugonjwa, hakuvujisha maziwa kabla ya kuzaa, na alichanjwa wiki 4 hadi 6 kabla ya tarehe yake ili kingamwili ziwe nyingi wakati kiwele kinazikusanya. Chanjo ya pepopunda isikosekane. Awe pia ameishi shambani hapo walau mwezi mmoja. Dang'a hubeba kumbukumbu ya magonjwa aliyokutana nayo mama. Jike aliyeletwa jana kutoka nchi nyingine hana kinga dhidi ya vijidudu vya banda lako. Kwetu hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi. Mtoto anayenyonya kwa jike aliyechanjwa dhidi yake hupata ulinzi kwa miezi kadhaa, mpaka afikie umri wa kuchanjwa mwenyewe.

Nitajuaje kama dang'a ni nzuri?

Macho husaidia kidogo. Nzuri ni nzito, ya njano, inanata vidoleni. Nyeupe na nyepesi kama maji ya mchele, iache. Lakini macho hudanganya, na kifaa cha kupimia si ghali: ni refraktomita ya kipimo cha Brix, ile ile wanayotumia wakulima wa zabibu kupima sukari. Weka tone moja kwenye kioo, elekeza penye mwanga, soma. Ikiwa chini ya 15, haifai. Kati ya 15 na 20 ni ya mashaka. Kuanzia 20 hadi 30 ni nzuri, na zaidi ya 30 ni bora kabisa. Kwa kuweka benki mimi napenda 25 kwenda juu, maana mtoto atakayeihitaji huwa tayari amechelewa, na tumbo lake ni dogo.

Pima pia dang'a ya kila jike anayezaa, hata kama hukusudii kuhifadhi. Hapo utagundua mapema mtoto ambaye ananyonya kwa bidii lakini hapati kitu.

Ikamuliwe na kuhifadhiwa vipi?

Osha mikono, vaa glavu, safisha kiwele kwa maji ya uvuguvugu na ukikaushe kwa kitambaa safi. Tupa mikamuo ya kwanza miwili mitatu. Kamulia kwenye chombo safi chenye mdomo mpana, kisha chuja kwa shashi ili kuondoa nywele na takataka. Gawa katika chupa au mifuko imara ya mililita 250, usijaze hadi juu kwa kuwa huvimba ikiganda.

Andika jina la jike, tarehe na kipimo cha Brix. Saa tisa za usiku, mbele ya mtoto anayetetemeka, hakuna atakayekumbuka chupa ipi ni ya nani. Gandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi. Hapo itakaa mwaka mmoja bila wasiwasi, na wapo wanaoitumia hadi mwaka na nusu. Friza zinazojiyeyushia barafu zenyewe hazifai sana, kwani joto lake hupanda na kushuka kila mara.

Umeme ukikatika je?

Huku kwetu swali hili haliepukiki. Friza iliyojaa hukaa na baridi muda mrefu kuliko iliyo nusu tupu, hivyo jaza nafasi zilizobaki kwa chupa za maji yaliyoganda, na usiifungue. Ipo mbinu rahisi ya kujua kilichotokea ukiwa safarini: gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache ndani ya friza. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama, basi barafu iliyeyuka na kuganda tena, na dang'a nayo vivyo hivyo. Iliyoyeyuka isigandishwe upya. Kama kuna mtoto anayeihitaji siku hiyo, mpe. Kama hayupo, iondoe.

Nikitaka kuitumia, niiyeyushe vipi na nimpe kiasi gani?

Weka chupa ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, yale ambayo mkono unavumilia bila taabu, na uyabadilishe yanapopoa. Usiichemshe wala usiiweke kwenye maikrowevu. Kingamwili ni protini. Joto kali huziharibu kama linavyogandisha ute wa yai, na utakuwa umemnywesha mtoto maziwa matupu. Ikifikia joto la mwili, nyuzi 38 hivi, iko tayari.

Mtoto wa kilo 50 anahitaji lita 1 hadi 1.5 ya dang'a nzuri katika saa 6 hadi 8 za kwanza. Mgawie mililita 250 kila saa moja au mbili, na zisizidi 500 kwa mara moja. Awe amesimama, au amelalia kifua, kamwe si ubavu. Shika chupa chini, usawa wa kiwele, shingo ikiwa katika hali yake ya kawaida. Kumwinua kichwa na kummiminia ni hatari kubwa: maziwa huingia mapafuni. Asiyenyonya kidole ukimtia mdomoni asilazimishwe chupa. Huyo daktari atampitishia mrija puani hadi tumboni.

Nimesikia dang'a inaweza kumuua mtoto. Ni kweli?

Ni kweli, ingawa hutokea kwa nadra. Baadhi ya majike wana kingamwili dhidi ya chembe nyekundu za damu za mtoto. Jike akiwa hana alama fulani za damu, hasa zile ziitwazo Aa na Qa, na dume akawa nazo, mama anaweza kuzikataa baada ya kukutana nazo katika uzazi uliopita au kwa kuongezewa damu. Mtoto huzaliwa mzima, hunyonya vizuri, kisha siku ya kwanza hadi ya tatu huanza kulegea, ufizi unakuwa mweupe au wa njano, mkojo mwekundu. Kwa nyumbu, mtoto wa farasi jike na punda dume, jambo hili ni la kawaida zaidi.

Kwa hiyo jike aliyewahi kuzaa mtoto wa umanjano asichangie benki hata siku moja, na mashamba yenye uwezo huwapima damu majike wote wanaochangia. Tena hapa ndipo akiba inapoonyesha kazi yake: mtoto wa jike wa namna hiyo hufungwa kinywa kwa siku moja hadi mbili asimnyonye mama yake, kiwele kikakamuliwa na kumwagwa, naye akapewa dang'a ya jike mwingine aliye salama.

Sina dang'a ya farasi. Nimpe ya ng'ombe?

Usiku ambao hakuna kingine chochote, ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Kingamwili za ng'ombe huingia katika damu ya mtoto, lakini hudumu muda mfupi na zimeandaliwa kwa magonjwa ya ng'ombe. Mpe, na umwite daktari ajipange kwa plazima, yaani majimaji ya damu ya farasi yaliyotenganishwa na chembe zake, yenye kingamwili ndani yake.

Nitajuaje kama imefanya kazi?

Kwa kupima damu ya mtoto, basi. Uchangamfu si ushahidi, kwa sababu mtoto asiye na kinga anaweza kurukaruka siku ya kwanza na ya pili, halafu siku ya tatu akawa na viungo vilivyovimba, kuhara, au bakteria wameenea katika damu yote. Mwombe daktari apime kingamwili kati ya saa 12 na 24 baada ya kuzaliwa. Vipo vipimo vya haraka vinavyofanyika bandani. Zaidi ya gramu 8 kwa lita inatosha. Kati ya 4 na 8 ni pungufu, na chini ya 4 ni hatari ya wazi.

Ukipima saa ya 12 na kukuta upungufu, bado kuna nafasi ndogo ya kuongeza dang'a kwa mdomo. Baada ya saa 24 njia iliyobaki ni plazima ya farasi kupitia mshipa, na lita moja mara nyingi haitoshi. Plazima huokoa, lakini ni ghali, inahitaji mtaalamu, na lazima iagizwe. Kwa hiyo panga mapema: kabla jike wa kwanza hajazaa msimu huu, muulize daktari wako plazima iko wapi na itachukua saa ngapi kufika shambani, uandike jibu lake, na ulibandike juu ya mlango wa friza.