Glavu Si Mikono Safi

Nilipokabidhiwa kazi ya kinga na udhibiti wa maambukizi hospitalini kwetu, nilidhani nitashinda nikidai sabuni na maji. Vyote nimevidai, na bado ninavidai. Lakini kilichoninyima usingizi zaidi ni glavu, tena siku zinapokuwepo za kutosha.

Asubuhi moja katika wodi ya watoto wachanga nilisimama dirishani nikimtazama muuguzi kijana, mchapakazi kwelikweli. Alivaa glavu, akambadilisha nepi mtoto wa kwanza, akafungua faili, akasogeza stendi ya dripu, kisha akashika kanula, yaani kile kimrija cha plastiki kinachoingia kwenye mshipa, ya mtoto wa pili. Glavu zilezile. Nilipomwita pembeni alishangaa: "Sista, mbona nimevaa?"

Hakuwa mzembe. Alifundishwa kuvaa, hakufundishwa kuvua. Glavu humkinga aliyeivaa asiguswe na damu na uchafu wa mwili. Mgonjwa wa pili haimfai kitu ikiwa imetoka kwa wa kwanza. Vijidudu havina miguu. Mara nyingi sisi ndio tunaovibeba. Bakteria aina ya Klebsiela hukaa utumboni mwa mtu mzima bila kumsumbua, lakini ikifika kwenye kanula ya njiti wa kilo 1.5, ina njia ya kuingia kwenye damu. Na nyingine zimekuwa sugu kwa dawa tulizonazo kabatini.

Hata ukivua, nawa. Glavu huwa na vitundu visivyoonekana kwa macho, na wakati wa kuivua ni rahisi kujipaka kilicho juu yake. Mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, ni maji tiririka na sabuni, sekunde 40 hadi 60. Isipokuwa nao, kitakasa mikono chenye spiriti kinatosha kwa kawaida, sekunde 20 hadi 30, mpaka kikauke chenyewe.

Mwaka 1847 kule Vienna, Austria, daktari Ignaz Semmelweis hakuwa na glavu hata moja. Madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda kuzalisha. Aprili ya mwaka huo, katika wodi yao, akina mama wapatao 18 kati ya kila 100 waliojifungua walikufa. Akawaamuru wote kunawa mikono kwa maji ya klorini, na kufikia Juni vifo vilishuka hadi 2 hivi kwa kila 100. Mikono tu.

Kwenye mafunzo huwapaka wenzangu losheni inayong'aa chini ya taa maalumu. Wananawa kama kawaida yao, tunazima taa za chumba, kisha namulika. Viganja huwa safi. Vidole gumba vinawaka, ncha za vidole zinawaka, na chini ya pete ya ndoa kuna duara zima linawaka. Chumba hunyamaza. Yule muuguzi kijana aligeuza kidole gumba chake mara tatu, akarudi kwenye sinki bila kuambiwa.

Baadaye nilirudi wodini kwake nikahesabu hatua. Chupa pekee ya kitakasa ilikuwa mlangoni, hatua 14 kutoka kitanda cha mwisho. Mtu mwenye watoto kumi wa kuhudumia usiku hawezi kuzitembea kila anapomgusa mmoja, na ningekuwa nakosea kuendelea kumhubiria. Sasa kila kitanda kina chupa yake, imefungwa kwa bandeji pale mkono unapofikia.