Programu inakokotoa sawa, lakini itahimili siku ya soko?

Chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, Urambo au Kaliua, kikiletewa programu ya mauzo huonyeshwa jambo moja: karani anaingiza uzito, daraja na bei, malipo yanatokea sahihi, watu wanapiga makofi. Huo ni upimaji wa kazi, yaani kuhakikisha programu inafanya ilichoagizwa. Haujatosha kupokelea mfumo.

Hata huo wenyewe msiishie kwenye mfano mzuri. Robota (furushi la tumbaku) la kilo 62.4 kwa dola 2.15 kwa kilo ni dola 134.16; senti ikipotea, programu imefeli. Kama kikomo cha mzani ni kilo 100, jaribuni 99.9, 100 na 100.1, kisha sifuri, kisha pasipojazwa kitu. Mkulima mwenye mkopo wa pembejeo wa dola 150 akiuza robota hilo, malipo yasome 0 na deni libaki 15.84. Programu mbovu humwandikia malipo hasi, na hesabu za msimu hazifungi.

Upimaji usio wa kazi huuliza programu inafanyaje: kasi, usalama, uhimilivu, urahisi wa kutumia. Hapa ndipo mikataba hulegea. "Mfumo uwe wa haraka" hakupimiki. Andikeni hivi: makarani 30 wakibonyeza Hifadhi kwa pamoja kwenye mtandao wa 2G, maombi 95 kati ya 100 yajibiwe ndani ya sekunde 3. Wastani msiuamini. Maombi 18 kati ya 20 yakijibiwa kwa sekunde 1 na mawili kwa sekunde 20, wastani hauzidi sekunde 3, na bado kuna karani anakodolea simu macho.

Karani huyo atabonyeza tena. Robota moja litaingia mara mbili. Tatizo la kasi limezaa kosa la hesabu. Dawa ni kila robota kuwa na namba yake ambayo seva, kompyuta kuu inayotunza daftari, haiipokei mara ya pili. Kulijaribu hilo ni rahisi: tuma, zima data kabla jibu halijarudi, washa, tuma tena. Daftari lionyeshe robota moja. Rudieni kwa kuzima simu yenyewe.

Kwa usalama, karani abadilishe namba ya mkulima kwenye anwani ya ukurasa. Akiona deni la mkulima wa chama kingine, msipokee mfumo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu na nyinyi. Kwa urahisi wa kutumia, mpeni simu karani asiyefundishwa, juani, mkae kimya mkimtazama.

Majaribio ya mzigo, yaani ya watumiaji wengi kwa pamoja, yafanyieni kwenye nakala ya mfumo, kamwe si kwenye daftari lenye fedha za watu.