Je, wajua kwa nini kutazama hakutoshi kumfundisha mtu kukunja tawi la bonsai, yaani mti unaokuzwa ukiwa mdogo ndani ya chungu?

Wengi huamini kwamba ukimtazama fundi wa bonsai kwa karibu na mara nyingi vya kutosha, utaweza kukunja tawi kama yeye. Imani hiyo inaeleweka, maana kazi yenyewe ni ya polepole na hakuna hatua inayofichwa: waya wenye unene wa kama theluthi moja ya tawi huzungushwa kwenye tawi kwa mshazari wa digrii 45 hivi, kisha tawi hukunjwa waya ukiwa umelalia upande wa nje wa mkunjo, ambako nyuzi za mti huvutwa na huanza kukatika. Hata hivyo, kinachoongezeka kwa kurudia kutazama ni kujiamini zaidi kuliko uwezo. Mwaka 2018 watafiti Michael Kardas na Ed O'Brien walichapisha majaribio ambamo watu waliotazama video ya kurusha vishale mara 20 walitarajia alama nyingi kuliko waliotazama mara moja, lakini hawakulenga vizuri zaidi. Vishale si miti, na kukunja tawi huchukua muda mrefu kuliko kurusha kishale, kwa hiyo ushahidi huo unatuonyesha njia tu.

Sababu yenyewe imo katika namna ubongo unavyojifunza nguvu. Anayenyanyua ndoo akidhani imejaa maji, kumbe ni tupu, huona mkono ukiruka juu, kwa sababu ubongo ulikwisha kukisia uzito na kuandaa nguvu kabla ndoo haijaondoka chini. Tofauti kati ya makisio na kilichohisiwa ndiyo inayorekebisha makisio yanayofuata. Aliyesimama kando akitazama hakutuma nguvu yoyote, hivyo hana kosa la kurekebisha.

Kwenye tawi, nguvu hiyo ndiyo kazi nzima. Vidole gumba hukaa ndani ya mkunjo kama egemeo, na ukinzani wa mti hubadilika muda mfupi kabla ya nyuzi kukatika. Mabadiliko hayo huhisiwa, na picha haiwezi kuyapitisha. Tawi la mti wa mreteni huvumilia mkunjo ambao ungevunja tawi la azalea, kichaka cha maua. La kustaajabisha zaidi ni waya wa shaba uliolainishwa kwa moto: kila unapokunjwa huwa mgumu zaidi, kwa hiyo mwanafunzi anayesitasita na kurudia-rudia huishia na waya mgumu kuliko ule ambao fundi aliukunja mara moja.

Kutazama kuna faida yake, hasa baada ya mikono kujaribu, kwa sababu hapo jicho hujua kwamba la kufuatwa ni vidole gumba wala si umbo la mti. Matawi yaliyopogolewa yanafaa kwa mazoezi haya, mradi yafungwe waya yangali mabichi. Yakikauka huvunjika mapema na kuufundisha mkono kikomo kisicho cha mti ulio hai.